Deni la Chungu cha Mafuta

(Hotuba niliyoitoa Bagamoyo kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo. Nimeinyoosha kidogo tu, kwa sababu mazungumzo yakipigwa pasi sana hupoteza ladha.)

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, kina mama, kina baba na vijana wetu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba niwazungumzishe juu ya historia ya fedha kwa dakika 20 wakati tunasubiri akidi itimie. Mwalimu mstaafu akipewa dakika 20 huchukua 40, kwa hiyo salamu nyingine tutapeana kwenye chai. Naanza na kesi.

Kesi ni ya deni. Anayedai ni fundi, jina lake Menna. Anayedaiwa ni mkuu wa askari, jina lake Mentmose. Kilichokopwa ni chungu cha mafuta ya mnyama. Mentmose aliahidi kulipa kwa shayiri, akamtaja ndugu yake kuwa mdhamini, na juu yake akamwombea Menna afya njema kwa Mungu. Nyinyi wa kamati ya mikopo mnajua, siku ya kuchukua mzigo dua huwa nyingi. Siku zikapita. Menna akampeleka barazani, akaandikwa kwa karani. Hakulipwa. Akampeleka mara ya pili. Akampeleka mara ya tatu. Hakuona hata punje.

Mkopo huo ulitolewa mwaka wa 17 wa utawala wa Farao Ramesses wa Tatu, nchini Misri, takriban mwaka 1170 KK. Wakati huo duniani hapakuwa na sarafu hata moja. Sarafu za kwanza tunazozijua katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati zilipigwa Lydia, magharibi mwa Uturuki ya leo, zaidi ya miaka 500 baada ya Menna kukabidhi chungu chake. Lakini deni lilikuwepo, mdhamini alikuwepo, karani alikuwepo, na mdaiwa sugu, kama mnavyoona, alikuwepo.

Nitarudi kwa Menna. Kwanza niwaombe radhi, kwani humu ndani naona nyuso za niliowafundisha.

Nilikuwa naandika ubaoni kwamba hapo kale watu walibadilishana mali kwa mali. Mwenye mbuzi anataka chumvi, mwenye chumvi hataki mbuzi bali jembe, mwenye jembe anatamani samaki. Wanazunguka mpaka jua linazama, wanachoka, ndipo wanavumbua sarafu. Mkanakili, mkafaulu mtihani. Hadithi hiyo ni kongwe. Mwanauchumi Mskoti Adam Smith aliisimulia mwaka 1776 kwa mfano wa mchinjaji, mpika pombe na mwoka mikate. Taabu yake ni kwamba watafiti walipokwenda kuutafuta uchumi wa namna hiyo hawakuukuta. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Caroline Humphrey aliandika kwamba hakuna mfano hata mmoja uliowahi kuelezwa wa uchumi wa kubadilishana vitu tu, sembuse fedha kuzaliwa humo.

Na mimi ningeligundua hilo nyumbani kwangu bila kusoma kitabu. Kubadilishana papo kwa papo hufanywa na watu wasioaminiana, au wageni ambao kesho hawaonani. Jirani na jirani hawaishi hivyo. Jirani akiishiwa unga hamleti mbuzi mlangoni, anasema, "Dada, niazime kibaba kimoja, keshokutwa nitakurudishia." Wewe unajua, yeye anajua, na mtoto aliyetumwa na bakuli ni shahidi. Mnaona tayari kuna deni, kipimo na ushahidi, na sarafu haijatajwa.

Sasa twendeni kwa kina Menna. Walikaa kijiji ambacho leo kinaitwa Deir el-Medina, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na Luxor. Ndani ya ukuta kulikuwa na nyumba 68, zimebanana kama nyumba za uswahilini kwetu. Wanaume kazi yao ilikuwa moja: kuchonga na kupaka rangi makaburi ya mafarao katika Bonde la Wafalme. Kijiji kipo jangwani. Hakuna shamba, hakuna kisima. Maji yaliletwa kwa punda. Karibu na kijiji kuna shimo lenye kina cha zaidi ya mita 50 ambalo inaaminika lilichimbwa kutafuta maji. Maji hayakupatikana, likageuzwa jalala.

Jalala hilo ndilo hazina yetu. Mafunjo, ile karatasi ya Misri, ilikuwa ghali, kwa hiyo mambo madogomadogo yaliandikwa kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika na vipande vya mawe ya chokaa. Nani kakodi punda wa nani, kwa siku ngapi, na punda amefia mikononi mwa nani. Nani kanunua jeneza na bado hajamaliza kulipa. Nani hakuja kazini kwa sababu anapika pombe ya sikukuu. Wafaransa wakiongozwa na Bernard Bruyère walichimba hapo kuanzia mwaka 1922 mpaka 1951, wakatoa maelfu ya vipande. Mwenye duka akivunja daftari lake la mkopo na kuzitupa kurasa jalalani, kisha zikafukuliwa baada ya miaka 3,000, ndiyo hayo.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Za hawa mafundi hazikupotea. Ndiyo maana leo ninaweza kuwaambia bei ya viatu vyao.

Bei zilitajwa kwa kipimo kilichoitwa deben. Msiichanganye na debe letu! Debe letu ni la ujazo, deben ni ya uzito: gramu 91 hivi za shaba. Ndala zilikuwa kama deben 2. Shati la kitani deben 5. Punda karibu deben 30. Gunia la nafaka, ambalo lilibeba lita 76 hivi, yaani kama debe zetu nne, kwa kawaida lilikuwa deben 2. Mtafiti Mholanzi Jac Janssen alikusanya bei hizo moja moja kutoka kwenye vigae, kazi ya subira ambayo mimi binafsi ningeiacha wiki ya kwanza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nimekosea ubaoni. Mtu akisema "deben 5" haina maana kwamba kuna shaba imetoka mfukoni. Kuna kigae kinachoeleza mauzo ya ng'ombe. Askari mmoja alimuuzia mwanakijiji ng'ombe kwa deben 120. Alipokea nini? Vyungu 2 vya mafuta, vikahesabiwa deben 60. Nguo 5 za kitani laini, deben 25. Vazi 1 la kitani cha kusini, deben 20. Ngozi 1, deben 15. Jumlisheni... Naam, mweka hazina amewahi: 120 kamili. Shaba haikuonekana hapo hata chembe. Ilitumika kama rula inavyotumika kupima kitambaa. Fundi cherehani hakupi rula uivae.

Kwa hiyo yule mwenye mbuzi anayemtafuta mwenye chumvi hana haja ya kuzunguka mpaka magharibi. Vitu vyote vina bei kwa kipimo kimoja. Napeleka mafuta, nguo na ngozi, vinajumlishwa, na kikipungua kitu kinaandikwa au kinakumbukwa. Kijiji cha nyumba 68 hakisahau.

Na tukiangalia tena chungu cha mafuta: kwenye mauzo ya ng'ombe, kimoja kilihesabiwa deben 30, bei ya punda. Kama chungu cha Menna kilikaribia thamani hiyo, basi Mentmose hakukopa mafuta ya kukaangia vitumbua.

Mshahara je? Hapa tunalo neno letu zuri kuliko mshahara, nalo ni posho. Nyinyi watu wa Bagamoyo mnalijua tangu enzi za misafara. Wapagazi walipewa posho ya kitambaa na shanga ili wajinunulie chakula njiani. Fundi wa Deir el-Medina alipokea kwa mwezi magunia 4 ya ngano ya mkate na gunia 1 na nusu la shayiri ya pombe. Mnyapara alipata magunia 5 na nusu ya ngano na 2 ya shayiri. Piga hesabu: magunia 5 na nusu ya fundi, kwa deben 2 kila moja, ni deben 11. Ng'ombe wa deben 120 ni kama miezi 11 ya kazi bila kula. Juu ya nafaka waliletewa samaki, mboga, kuni na maji, na walikuwa na madobi wao. Serikali ilikusanya kodi ya nafaka mashambani, ikaiweka kwenye maghala ya mahekalu, ikaitoa kwa mafundi, makarani na askari. Nyuma ya hekalu la Ramesses wa Pili maghala ya matofali ya udongo bado yanasimama, na mapaa yao ya mviringo. Ghala ndilo lililokuwa benki kuu.

Na benki kuu ikiyumba, nyote mnajua kitakachofuata. Mwaka wa 29 wa Ramesses yuleyule wa Tatu posho ilichelewa. Siku 18 za mwezi zilikuwa zimepita. Mafundi wakaweka patasi chini, wakapita vituo vya walinzi, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Karani aliyeyaandika hayo, Amennakhte, ndiye yuleyule aliyepokea mashtaka ya Menna. Ameandika walichosema: wamefikishwa hapo na njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na apelekewe habari Farao na waziri wake mkuu. Ni mgomo wa wafanyakazi wa zamani kuliko yote iliyoandikwa. Hawakudai nyongeza. Walidai kilichoandikwa. Wakapewa cha mwezi uliopita, baadaye kikachelewa tena, wakagoma tena.

Mnaniuliza, dhahabu na fedha hazikuwepo? Zilikuwepo, tena nyingi, lakini hazikuwa kwa kina Menna. Na hapa lugha yetu inatusaidia. Sisi tunasema "fedha" tukimaanisha madini yale meupe na tukimaanisha pesa. Wamisri walifanya vivyo hivyo: neno lao la madini ya fedha, hedj, likawa pia neno la malipo. Maneno mengine tumeyaokota njiani. Pesa ilikuja kutoka India, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Hela ni heller ya Wajerumani. Waliileta mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Wajerumani wakaondoka, hela ikabaki mdomoni. Ila hilo ni somo la siku nyingine.

Kesi moja ya fedha lazima niitaje, ingawa si ya kufurahisha. Wakati wa Ramesses wa Pili, bibi mmoja aitwaye Erenofre alishtakiwa kwamba alinunua kijakazi kwa mali ambayo sehemu yake haikuwa yake. Alikana kwa kiapo. Alieleza kwamba mfanyabiashara alimletea nyumbani msichana kutoka Shamu, angali mtoto, akataja bei: deben 4 na kite 1 za fedha. Kite ni sehemu ya kumi ya deben. Tukiipima leo ni kama gramu 373 za fedha. Lakini bibi huyu hakutoa fedha. Alitoa nguo za kitani na vyombo vya shaba, vingine akavipata kwa majirani mmoja mmoja, mpaka jumla ikatimia. Kisha akampa mtoto jina jipya. Jina alilopewa na mamaye halikuandikwa popote. Bei yake tunayo mpaka kwenye sehemu ya kumi. Sisi tunaoishi katika mji huu tunaelewa daftari la namna hiyo, sitaongeza neno.

Kuna wanaodhani kwamba pasipo noti hapana mfumuko wa bei. Wangeulizwa wajukuu wa Menna. Chini ya mafarao wa mwisho wa nasaba ile, gunia la deben 2 lilipanda likafika 4 na kuzidi. Posho ikawa ya kubahatisha. Baadhi ya watu wakaanza kufanya kile ambacho mtu anayejua makaburi yalipo hushawishika kufanya. Katika mwaka wa 16 wa Ramesses wa Tisa mwashi mmoja alikiri kwamba yeye na wenzake walivunja kaburi la mfalme wa kale, wakabandua dhahabu, wakagawana deben 20 kila mmoja. Alipokamatwa mara ya kwanza, alimpa karani fungu lake lote, akaachiwa, akarudi kwa wenzake, nao wakamfidia. Dhahabu ile haikuwa na sura ya mfalme wala nembo, na rushwa ilipita bila kukwama.

Kwenye kesi za baadaye kidogo, wanawake wa mjini walihojiwa mali wameipata wapi. Mmoja aliulizwa habari ya fedha iliyokutwa nyumbani kwake. Akajibu kwamba aliipata kwa kuuza shayiri mwaka wa fisi, wakati wa njaa. Mwaka wa fisi! Sijui kama alisema kweli mbele ya waliomshikia fimbo, lakini jibu lenyewe ni la mtu anayejua soko. Wakati wa njaa mwenye shayiri ndiye tajiri, na mwenye fedha ndiye anayebisha hodi.

Naona wajumbe wanaingia, nifupishe.

Sarafu zilipofika Misri hazikuja kumwokoa mwenye mbuzi. Zilikuja kwa sababu ya vita. Katika karne ya 4 KK mafarao wa mwisho waliajiri askari wa Kigiriki, na askari wa kukodiwa ni mgeni: kesho hayupo, humkopeshi wala hakukopeshi. Anataka kitu cha kuondoka nacho. Farao Teos akapiga sarafu ili awalipe. Nectanebo wa Pili akatoa ya dhahabu, upande mmoja farasi, upande wa pili maandishi ya Kimisri yanayosema "dhahabu nzuri". Baadaye wakaja kina Ptolemy, wafalme wa ukoo wa Kigiriki, na sarafu kwa wingi, lakini magunia hayakuacha kazi. Kodi ya mashamba iliendelea kulipwa kwa ngano, hata chini ya Warumi, na katika maghala watu walikuwa na akaunti za ngano. Uliandika hati, ngano ikahama kutoka jina langu kwenda jina lako, na kule ghalani hakuna punje iliyosogea. Vijana mnaotumiana salio kwa simu, mmechelewa miaka 2,000 na zaidi.

Hata huku kwetu mambo yalikwenda bega kwa bega. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba tangu karne ya 11 hivi, zenye maandishi ya vina: mshororo unaanza upande mmoja wa sarafu unaishia upande wa pili, ushairi mkononi. Zinaokotwa kwa wingi Kilwa na Mafia. Bara hazionekani, ile moja iliyokutwa Great Zimbabwe inatajwa mpaka leo kwa sababu ya upweke wake. Dhahabu iliyotoka huko kupitia Sofala ilinunuliwa kwa vitambaa na shanga. Sarafu ya shaba ilikuwa ya sokoni mjini, ya samaki na mboga. Mwenye kwenda mbali alifunga doti na nyuzi za shanga.

Basi, chungu cha mafuta.

Ramesses wa Tatu alikufa, mwanawe akatawala. Mwaka wa 3 wa Ramesses wa Nne, Menna alimshtaki tena Mentmose. Kigae kinahesabu wazi: ni miaka 18 tangu mafuta yatolewe. Fikirieni mtoto aliyezaliwa siku ile, sasa anaota ndevu. Safari hii Mentmose aliapa kwa jina la mtawala mbele ya baraza: asipolipa kufikia siku ya mwisho ya mwezi unaofuata, achapwe fimbo 100 na deni liwe mara mbili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Akidi imetimia, na ajenda ya kwanza nimeiona hapa kwenye karatasi: wadaiwa sugu. Nakaa.